Geuka Nikufunge

Jumamosi hiyo Doña Herminia alikataa kumfunga binti yake barakoa.

Hakugomba wala hakupandisha sauti. Alikuwa akipiga pasi mashuka na aliendelea kuyapiga pasi, huku Zenaida amempa kisogo, kamba za barakoa zikimning'inia mabegani.

"Mama, nasubiri."

"Mikono yangu imechoka."

"Dakika moja tu. Leo ndiyo ya mwisho."

"Ulisema hivyo Pasaka. Ukasema tena Siku ya Mama, ukarudi na jino lako mkononi." Pasi ilifoka mvuke. "Ukitaka kutoka, jifunge mwenyewe."

Zenaida akajifunga mwenyewe.

Kwa watu wa barakoa wa Pachuca, mji wa milimani huko Meksiko, hilo si jambo dogo. Kamba hupita nyuma ya kichwa katika vitundu kumi na viwili, na mikono ya mtu haifiki huko ikafanya kazi ya maana. Ndiyo maana kila shujaa ana mtu wake wa kumfunga: mama, mke, ndugu, yeyote anayelijua jina lake na atakayezikwa nalo. Fundo lililokaa upande humwambia kila mpita njia kwamba nyumbani kwa huyu hakuna mtu.

Basi Zenaida, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Nge na hakuna aliyemjua kwa sura, alizishuka ngazi mia mbili na nane za mtaa wao na fundo likiwa upande. Alikuwa na miaka ishirini na saba na alijisikia ana sabini. Uwezo wake ulikuwa miguuni: alisikia kwa nyayo. Milima ile imetobolewa na machimbo ya fedha kwa karne tano, imebaki mitupu ndani kama ngoma, na ngoma hiyo ilimpigia yeye mchana kutwa, usiku kucha: magurudumu, panya, watoto wakikimbia ghorofani, wazee wakitafuta ndara zao. Kwa miaka sita alikuwa akilala kwenye wavu aliouning'iniza darini, asiguse ukuta wala sakafu, na bado usingizi ulimjia vipande vipande.

Saa tano na robo asubuhi, lori la gesi likakatika breki juu ya kilima.

Zenaida alilisikia kabla dereva hajajua. Alikimbia barabarani akigonga milango kwa kiganja, akatoa watu, mikokoteni, mbwa na bibi mmoja aliyekataa kuacha kiti chake hadi akabebwa nacho. Barabara ilibaki tupu. Chini kabisa palikuwa na lundo la mchanga wa wajenzi, na lori lingekwenda kujizika pale kistaarabu, hakuna ambaye angeumia.

Ndipo mtu mmoja akaruka kutoka juu ya paa, akatua katikati ya njia na kulipokea lori kwa mgongo.

Mawe ya barabara yalipasuka. Lori lilisimama, likanyanyua matako, likatapika mitungi. Mitungi arobaini ya gesi ikateremka kwa kelele za kuamsha wafu, na mmoja ukampata Zenaida kwenye muundi, ukamkalisha chini.

Vumbi lilipotulia, sauti ikatoka chini ya bampa. "Hamna shida. Msinishukuru wote kwa pamoja."

"Nani amekutuma?" Zenaida aliuliza, ameshika mguu.

Mtu yule akatambaa nje. Alikuwa mfupi na mpana, barakoa yake ya kahawia imeshonewa masikio mawili marefu, moja limevunjika katikati. Zenaida alimtambua kwa sifa zake. Huyu ndiye Baghala, mgeni aliyehamia mjini miezi minne iliyopita akaanza kukiokoa kilima cha Zenaida bila hodi. Baraza la wauza magazeti lilikuwa limeshaanza kubishana nani zaidi.

"Lori lilikuwa linaelekea kwa watu," alisema.

"Watu gani? Unamwona mtu?"

Baghala akatazama barabara juu, akatazama chini. "Sasa hivi hapana."

"Nimewatoa mimi. Lori lilikuwa linakwenda mchangani."

"Na mitungi je?"

"Mitupu. Yote ilikuwa inalia tupu."

"Mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Ningemuuliza nani, dada? Lori?"

Zenaida alitaka kucheka, akajizuia kwa hasira. Alijaribu kusimama, muundi ukakataa. Baghala naye alijaribu kumwendea, magoti yakakataa. Wakaishia kukaa ukingoni mwa barabara, hatua mbili kati yao, wakihema. Mikono ya mwanamume ilikuwa ikitetemeka kama ya mlevi wa asubuhi. Akafungua mkoba, akatoa mfuko wa karatasi uliolowa mafuta: paste sita, sambusa za kuoka za Pachuca, za viazi na nyama, bado za moto.

"Nikishanyanyua kitu lazima nile," alieleza. "La sivyo nazimia. Chukua."

"Sitaki."

"Moja ina pilipili kali. Inakufaa."

Aliichukua. Ilikuwa nzuri, na hilo lilimuudhi. Wakala, upepo wa Pachuca ukiwapuliza ukosi, na katika kula huko Zenaida akagundua kitu kilichomfanya aache kutafuna.

Palikuwa kimya.

Si kimya cha kweli. Mji ulikuwa palepale. Lakini moyo wa mtu huyu ulikuwa unapiga kupitia jiwe walilokalia, mzito, wa taratibu, kama pampu za zamani zilizokuwa zikivuta maji machimboni, na juu ya mapigo hayo kelele nyingine zote zilififia zikawa kama redio ya jirani. Kope zake zikawa nzito. Alijishtukia kichwa kimeanza kuinama upande wa mgeni.

"Umelala lini mara ya mwisho?" Baghala akauliza.

"Mimi silali. Naning'inia."

"Mimi nalala sana, ila naamka nimechoka vilevile. Najiuliza nalala kwa ajili ya nani." Alipangusa vidole. "Hivi wewe ukiacha utafanya nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu waliuliza anaokoaje, hawakuuliza anaachaje. "Nitakwenda mahali penye mchanga," alisema polepole. "Mchanga hausemi. Nitalala chini kabisa, kifudifudi, wiki nzima."

"Utahitaji mtu wa kukuletea maji."

"Nani kakuambia?"

"Nasema tu. Wiki nzima ni ndefu."

Aligeuka kumtazama. Katika vitundu vya barakoa ya baghala yalikuwamo macho mawili ya kahawia, yamezungukwa na weusi wa uchovu, na hayakumkimbia. Zenaida ndiye aliyeangalia pembeni kwanza. Alipogeuza shingo, mwanamume akaliona fundo.

"Nani amekufunga leo?"

"Nimejifunga."

Baghala alilipima fundo kwa jicho. Hakumhurumia kwa maneno, na kwa hilo Zenaida alimshukuru kimoyomoyo. Alisema tu, "Vitundu vitatu umeruka. Itakuvuka ukigongwa."

"Basi sitagongwa."

Na hapo, mitaa mitano kutoka pale, mtu akaweka kikombe mezani, akasimama, akaanza kutembea.

Zenaida alibandika kiganja chini. "Ameanza," alisema. "Niachie nafasi. Nina kazi."

"Kazi gani na mguu huo?"

Alisita. Kisha uchovu ukamshinda. Hata siri humchosha mwenye kuibeba peke yake. "Kuna mtu anatembea bila kisigino. Mguu wa kushoto anaukanyagia vidole. Upande wa kulia ana uzito wa bastola. Siku tatu mfululizo anapita mbele ya nyumba moja saa sita mchana, anasimama dakika kumi na moja, anaondoka. Jana aliegemea ukuta akapiga simu, sauti ikateremka na ukuta mpaka kwangu. Alisema, Jumamosi, saa sita, mzee yuko peke yake."

"Jumamosi leo."

"Ndiyo maana nilikuwa njiani kabla hujaniangushia mitungi."

"Polisi?"

"Walitaka jina langu kwanza. Nilikuwa na jina la kuwapa?"

Baghala alitikisa kichwa; alilijua tatizo hilo. "Nyumba ipi?"

"Mtaa wa Observatorio, namba kumi na nne. Mlango wa bluu."

Moyo uliokuwa ukipiga jiweni ukaruka pigo. Zenaida aliusikia kabla mwenyewe hajafumbua kinywa. Ukaruka la pili, kisha ukaanza kukimbia.

"Ni kwa baba yangu," Baghala alisema. "Kuna mtu alitoka gerezani Februari. Baba ndiye aliyemkamata, miaka kumi na minane iliyopita. Mtu huyo aliapa mahakamani kwamba atatuma muuaji." Alikuwa ameshaanza kujiinua. "Baba yangu ni Tai wa Fedha."

Jina hilo lilimpiga Zenaida mahali ambapo mtungi haukufika.

Siku zile watu wa barakoa walipogombea mtaa walimaliza ugomvi kwa mieleka ulingoni, barakoa kwa barakoa. Anayeshindwa huvua yake kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu, akataja jina lake na mahali alipozaliwa, na jina lake la kishujaa halivaliwi tena na yeyote wa damu yake. Miaka ishirini na miwili iliyopita, mbele ya watu elfu nne, Tai wa Fedha alimbana mabega chini shujaa aliyeitwa Bundi. Bundi akavua. Akasema, mimi ni Fermín Olvera, nilizaliwa El Arbolito. Akarudi nyumbani, akakaa kitini miaka mitatu, akafa. Mapafu, walisema madaktari. Doña Herminia hakuwahi kuyataja mapafu.

"Mimi ni binti wa Bundi," Zenaida alisema.

Upepo ulipita kati yao. Sikio zima la baghala lilipepea.

"Nisingekuambia kama ningejua," mwanamume alisema.

"Najua."

"Sasa unajua anapoishi. Katika mji huu wanajua wale tu anaowafunga."

"Najua hilo pia." Alisimama, mguu ukamuuma, akaona afadhali uume. "Nenda kamwokoe baba yako."

Alipiga hatua kumi kupanda kilima. Kila hatua ilimletea nyayo za yule mtu asiye na kisigino, tayari amevuka soko, hana haraka. Alimwona mama yake na pasi. Alimwona baba yake kitini, macho kwenye ukuta. Alijiambia kwamba amechoka, na ni kweli alikuwa amechoka, na kwamba mtu aliyechoka ana haki ya kwenda nyumbani.

"Nge." Baghala hakuwa amemfuata. "Sikuambii umsamehe. Sina mdomo wa kusema hivyo. Lakini mimi ni mgongo tu, sina masikio. Baba hafungi mlango kwa mtu wa barakoa, hajawahi, na hamuulizi jina. Wote mnaojua desturi mnajua hivyo, na huyo naye atakuwa anajua. Nitafika pale nisijue yuko chumba gani, nitabomoa ukuta usio wenyewe." Akatundika mkoba begani. "Niambie tu yuko wapi. Baada ya hapo, ukitaka tusalimiane, sawa. Usipotaka, sawa."

Zenaida alisimama akimpa kisogo. Alisimama muda ambao mtu mwingine angeuona mfupi. Kisha akarudi zile hatua kumi, kinyumenyume, mpaka mgongo wake ukawa shibri moja kutoka kifuani mwa yule mwanamume.

"Umesema vitundu vitatu," alisema.

"Vitatu."

"Basi fanya haraka."

Vidole vilivyokuwa vimesimamisha lori vilikuwa vizito na bado vilitetemeka, lakini vilijua kazi. Vilifungua fundo lake bovu. Kwa pumzi mbili barakoa ilikaa kichwani bila kushikwa na chochote isipokuwa imani, na angetaka, angeivuta tu. Hakuivuta. Alipitisha kamba tundu kwa tundu, akakaza, akauliza kwa sauti ya chini, "Inabana?"

"Kidogo."

"Na sasa?"

"Sasa hapana." Alikuwa anamsikia kwa mgongo, bila jiwe katikati. "Jina lako nani?"

"Lisandro."

"Mimi Zenaida. Ukilitaja popote nitakuua mimi kabla ya huyo."

"Limeshazikwa," Lisandro alisema, akafunga fundo katikati.

Walichelewa kwa dakika nne tu, kwa sababu ya mguu wake. Mlango wa bluu ulikuwa umefungwa tayari, na Lisandro alitaka kuupiga teke, lakini Zenaida akamshika mkono. Akabandika kiganja na shavu kwenye ukuta wa matofali ya udongo. Ndani palikuwa na ndara za mzee, zikiburuzwa. Na mguu mmoja usio na kisigino.

"Umepata wapi barakoa ya kijani namna hii, kijana?" sauti ya mzee iliuliza. "Ya sokoni, sivyo? Hazikai vizuri. Inakuangukia machoni."

"Nimekuja kukuomba unifunge, Don Nazario," alisema mwingine. "Nimeambiwa huwafunga wote wanaoanza."

"Nawafunga, nawafunga. Geuka nikufunge."

Mguu usio na kisigino haukugeuka.

"Nifunge hivihivi," mgeni alisema.

"Kwa mbele? Mwanangu, kamba ziko nyuma."

"Zungusha mikono."

"Mikono yangu ina baridi yabisi, haizunguki." Ndara ziliburuzwa hatua moja nyuma. Mzee alikuwa ameshaelewa. Sauti yake iliendelea kuwa ya upole, lakini ilirefuka, ikaanza kutafuta muda. "Miaka arobaini nawafunga watu. Wengine walikuwa wezi, wengine waoga, mmoja alikuwa padri. Wote waligeuka. Wewe nani aliyekufundisha kwamba mgongo wako una thamani kuliko wa padri?"

Bastola ilitoka kiunoni. Zenaida alisikia uzito ukihama kutoka mguu wa kulia.

Alibandika kiganja chake ukutani, kidole gumba juu. "Hapa," alinong'ona. "Nusu hatua nyuma ya ukuta. Mzee yuko mbali, upande wa kushoto. Ukiingia, ingia mzima."

"Nina nguvu za mara moja tu. Lori limenimaliza."

"Mara moja inatosha."

Lisandro akaweka bega mahali kilipokuwa kiganja, akaingia na ukuta.

Risasi ilikwenda darini. Katika vumbi la udongo Zenaida hakuhitaji macho. Lisandro alikuwa chini na mbavu zake zimelia, kweli zimelia, alizisikia mbili. Bastola ilikuwa imeteleza chini ya kabati. Muuaji alikuwa amesimama bado, kisu kikitoka ndani ya kiatu kile cha kushoto, ndiyo maana kisigino hakikugusa chini. Akamgeukia aliye karibu, na aliye karibu alikuwa Lisandro.

Zenaida alimwingia chini ya kwapa, akauzungusha mkono wa kisu nyuma ya shingo yake mwenyewe, akapiga goti moja, akamlaza juu ya mgongo wake na kumwangusha upande wa pili, mabega yote mawili yakilia sakafuni kwa pamoja. Kisu kikaruka. Alimkalia kifuani na kumbana hadi miguu ilipoacha kurusha. Barakoa ya kijani ilikuwa imemvuka muuaji mpaka puani. Chini yake palikuwa na uso wa mtu wa kawaida, wa kukaa naye kwenye foleni.

"Mkamato huo," Don Nazario alisema kutoka kwenye kona. "Mkamato huo ni wa Bundi."

Zenaida alimfunga muuaji kwa kamba za barakoa yake mwenyewe, mikono nyuma, vitundu vyote. Lisandro alikuwa amejikokota hadi ukutani, anapumua nusu nusu. Alimwendea yeye kwanza.

"Mbili," alimwambia. "Upande wa kushoto. Usicheke kwa wiki tatu."

"Kwani unapanga kunichekesha?"

"Nyamaza."

Alipoinuka, mzee alikuwa amepiga magoti. Haikuwa kwa heshima. Miguu ilikuwa imemwishia. Alikuwa mkongwe, mkavu, sweta limetoboka kiwiko, na machozi yalikuwa yakipita kwenye vumbi la mashavu yake.

"Fermín alikuwa na mtoto wa kike," alisema. "Alikaa mstari wa mbele na mama yake. Alikuwa na koti jekundu."

"Lilikuwa la kuazima," Zenaida alisema.

"Niliweka mguu juu ya kamba." Mzee alisema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu. "Siku ile. Nilipombana, mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya kamba ya ulingo, na sheria inakataza. Bila hivyo angeninyanyua, alikuwa na nguvu kunizidi. Mwamuzi alikuwa upande wa pili, hakuona. Bundi aliona. Alinitazama moja kwa moja, nikasubiri aseme. Hakusema. Akavua." Akajipangusa kwa mkono wa sweta. "Miaka ishirini na miwili nasubiri aseme."

Lisandro alikuwa amefumba macho. Zenaida aliusikia moyo wake sakafuni, na akaelewa kwamba habari hiyo ilikuwa mpya kwake pia.

Angeweza kupiga kelele. Mahali pa kelele palikuwepo, tayari pameandaliwa tangu utoto wake. Lakini alipopatafuta alikuta amechoka mno, na mzee yule naye amechoka, na mwanawe, na labda hata yule aliyefungwa sakafuni.

"Hayo usiniambie mimi," alisema. "Mimi nilikuwa na miaka mitano. Mwenye kuambiwa yupo."

Saa kumi jioni, muuaji akiwa ameshakabidhiwa polisi, Doña Herminia alikuwa amemaliza mashuka na ameivisha dengu. Alimsikiliza binti yake bila kuketi. Zenaida alisimulia yote, akiwa amevua barakoa, mguu juu ya stuli, hakuficha jina wala mtaa. Alipofika kwenye kamba ya ulingo, mama yake akafunika sufuria.

"Najua," Doña Herminia alisema.

"Unajua nini?"

"Kuhusu mguu. Baba yako aliniambia usiku uleule. Alinikataza kusema. Alisema mtu akishindwa kisha akalalamika, watu watacheka mara mbili." Alikunja kitambaa cha jikoni, akakikunjua. "Alilia?"

"Nani?"

"Nazario huyo."

"Alilia."

"Baba yako hakulia. Ningependa angelia." Akasimama dirishani, akatazama chini kwa muda mrefu. "Na yule aliyekaa kwenye ngazi kama gunia la mahindi ni nani?"

"Ni mwanawe. Amenisindikiza. Hakutaka kupanda bila ruhusa yako."

"Ruhusa hana."

"Anajua, mama."

"Miaka yote hii nimekuambia, mwanamume yeyote. Mlevi, mjane, mpiga tarumbeta. Yeyote isipokuwa wa nyumba ile."

"Sikuijua nyumba ile. Niliusikia tu moyo wake." Zenaida alikuwa anaongea macho yamefumba, unyayo wa mguu mmoja sakafuni. Ngazi hamsini chini yake pampu ile ya zamani ilikuwa ikivuta, taratibu, taratibu, na mji wote ulikuwa umenyamaza kuipisha. "Mama, nikiwa karibu naye nasinzia. Unaelewa ninachokuambia? Nasinzia."

Doña Herminia alimgeukia. Alimtazama binti yake aliyekuwa ananing'inia darini miaka sita kama popo, weusi uliokuwa chini ya macho yake, midomo iliyolegea kwa mara ya kwanza. Alitazama pia nyuma ya kichwa chake, nywele zilipokuwa bado zimeshika alama ya fundo lililofungwa katikati.

"Anakaaje vile?" aliuliza. "Amepinda."

"Mbavu mbili."

"Amekula?"

"Mama."

"Nimeuliza amekula. Watu wa namna hiyo wasipokula wanaanguka, sitaki aniangukie kwenye ngazi zangu." Alikwisha kuchukua sahani, ile ya udongo yenye ukingo wa bluu, akapakua dengu, akaongeza, akaweka tortilla tatu za mahindi juu na kuzifunika. Hakumtazama Zenaida alipomkabidhi. "Asile humu ndani. Ale hukohuko alipo."

"Sawa."

"Na sahani naitaka. Mwambie airudishe mwenyewe, kwa mkono wake, ikiwa imeoshwa. Asikupe wewe uilete."

Zenaida alisimama mlangoni, sahani inamuunguza vidole. "Lini?"

"Mbavu zikishapona," mama yake alisema, akirudi jikoni. "Ngazi ni nyingi."